Kipandauso cha kila wiki: dawa ipi ya kinga inastahili pesa yako

Anayeumwa kipandauso mara moja kwa miezi mitatu hana haja ya hesabu hizi. Anywe dawa ya maumivu mapema, alale kwenye chumba chenye giza, kesho yake aende kazini. Hapa tunasema na yule ambaye kichwa kinamlaza siku nne au zaidi kila mwezi: upande mmoja unagonga, mwanga unachoma macho, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inamtapisha, na mkobani hakukosi pakiti ya vidonge iliyobakiwa na viwili.

Kwa mtu wa namna hiyo madaktari hushauri dawa ya kinga. Hii hunywewa kila siku, kichwa kikiuma au kisipouma, ili mashambulizi yaje mara chache na yakija yasiwe makali. Wengi wakiisikia hushtuka. Dawa ya kila siku, pesa ya kila mwezi itatoka wapi? Swali ni la haki, na jibu lake ni hesabu.

Chukua mfano wa fundi cherehani anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku baada ya kulipa pango na umeme. Shambulio la kipandauso lisilotibiwa huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Akilala siku nne kwa mwezi, amepoteza 60,000, bado hujahesabu mteja wa nguo ya harusi aliyehamia kwa fundi mwingine. Dawa ya kinga huhesabiwa kuwa imefaulu ikipunguza siku za maumivu kwa nusu. Kwa fundi huyu ni siku mbili zilizookolewa, sawa na shilingi 30,000. Akinywa kidonge kimoja cha shilingi 100 kila usiku, ametoa 3,000 kwa mwezi.

Haifaulu kwa kila mtu, na kidonge cha kwanza si lazima kiwe ndicho chako. Lakini hata ukilazimika kujaribu dawa mbili kabla ya kupata inayokufaa, bado ni nafuu kuliko kuendelea ulivyo. Weka kipato chako mwenyewe kwenye hesabu hiyo kabla ya kusoma zaidi.

Kidonge cha maumivu ndicho kinachokumaliza

Simama dakika chache kwenye duka lolote la dawa jioni utasikia: "Kaka, naomba dawa ya kichwa, ile kali." Anayeuza haulizi kitu. Anakata vidonge viwili vya mchanganyiko, vyenye dawa mbili tatu na kafeini ndani, anapokea shilingi mia kadhaa, anaita mteja mwingine. Bei ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeijumlisha.

Tatizo halipo kwenye bei ya siku moja. Dawa za maumivu zikinywewa siku nyingi mno, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Mipaka inajulikana. Kwa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni peke yake, hatari huanza ukifika siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vyenye kodini au tramado, ergotamini au dawa za jamii ya sumatriptani, ni siku 10 tu. Ukivuka hapo kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa hugeuka cha karibu kila siku, na hata dawa ya kinga inaweza isifanye kazi vizuri mpaka kwanza upunguze vile vidonge.

Kwa hiyo gharama ya kwanza iliyofichika ni hii: ukinunua dawa ya kinga huku unaendelea kumeza vile vikali kila baada ya siku moja, unaweza kuwa unalipia vitu viwili vinavyovutana. Mweleze daktari ukweli wa idadi, hata kama unaona aibu. Bila idadi hiyo hawezi kukupa ushauri ulio sawa.

Onyo moja zaidi kabla hatujaondoka kwenye vidonge vya maumivu. Bado zipo dawa za kipandauso zenye ergotamini, tena za bei ya kuvutia. Ergotamini hubana mishipa ya damu. Mtu anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir, ambazo hapa kwetu huwa kwenye dozi za daraja la pili, hapaswi kuigusa kabisa. Mchanganyiko huo umewahi kufunga damu isifike vidoleni na miguuni hadi viungo vikakatwa. Antibiotiki kama erithromisini nazo ni za kuogopwa hapo. Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, mnong'oneze mfamasia pembeni. Kukaa kimya kunaweza kukugharimu mguu.

Kwa shambulio lenyewe, kilicho nafuu na kinachofanya kazi ni ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900 ambayo ni vidonge vitatu vya 300, ikinywewa mapema mara maumivu yanapoanza. Aspirini si ya watoto, si ya mjamzito, na mwenye vidonda vya tumbo aziache zote mbili. Ukitapika, omba daktari akuandikie dawa ya kichefuchefu pamoja nayo, kwa sababu kidonge kilichotapikwa ni pesa iliyomwagwa.

Sumatriptani, iliyoingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ni nzuri kwa wengi ambao hizo za kawaida zimeshindwa kuwasaidia, lakini kidonge kimoja huuzwa kwa maelfu. Usinunue pakiti nzima. Nunua viwili, ujaribu. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyotulia asiitumie.

Vidonge viwili vya kuanzia

Sasa tuje kwenye kinga. Zipo dawa nyingi, lakini kwa mwenye fedha ya kubana mbili ndizo za kufikiriwa kwanza: amitriptilini na propranololi. Zote ni za miongo mingi, hakuna kampuni inayozimiliki peke yake, na hupatikana kwenye famasi nyingi za mijini na hospitali za wilaya. Kwa kawaida kidonge cha jenereki ni kati ya shilingi 50 na 200 za Tanzania. Upande wa Kenya nako ni shilingi chache za huko. Ukitajiwa elfu moja kwa kidonge kimoja cha mojawapo, uliza kama kuna ya jenereki, kisha vuka barabara uulize duka lingine.

Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na mpaka leo baadhi ya wauzaji watakutazama vibaya au kusema kwa sauti kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Usiache dawa kwa ajili ya maneno ya dukani. Kwa kipandauso dozi huwa ndogo: huanzia miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole, na wengi hawavuki 75. Hapa ndipo pana kero ya kununua. Cha miligramu 10 mara nyingi hakipo. Kilichopo ni cha 25. Muulize mfamasia kama chapa aliyonayo inaweza kukatwa nusu, kisha anza na nusu. Wengi wanaoiacha wiki ya kwanza ni wale walioanza na kidonge kizima au viwili, wakaamka kama waliolewa.

Usingizi ndio faida yake na ndiyo kasoro yake. Anayekosa usingizi atashukuru. Dereva wa bodaboda au anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni aimeze mapema, saa moja au saa mbili usiku, na siku za mwanzo asishike usukani mpaka ajue mwili wake unavyoipokea. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na uzito huongezeka kwa baadhi ya watu. Mwenye presha ya macho, mwenye shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, au mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa amwambie daktari kwanza.

Na hili lisipuuzwe: vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo. Usiviache kwenye bahasha ya karatasi juu ya meza. Kama nyumbani hakuna kabati la kufunga, sanduku la nguo lenye kufuli linatosha. Kama wewe mwenyewe, au mtu unayeishi naye, amewahi kufikiria kujidhuru, mwambie daktari, na omba vidonge vya wiki mbili mbili badala ya vya mwezi.

Propranololi ndiyo iliyotajwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani kwa kuzuia kipandauso. Ni dawa ya moyo na presha. Dozi huanzia miligramu 40 mara mbili kwa siku, na wengi huishia kati ya 80 na 160 kwa siku. Kwa kidonge cha 40 ni vidonge viwili mpaka vinne kila siku, hivyo hesabu ya mwezi ni vidonge 60 mpaka 120. Hapa wengi huteleza kwenye bei: wanalinganisha kidonge kwa kidonge, wanaona propranololi ni rahisi kuliko nyingine, wanasahau kwamba inanywewa mara nyingi zaidi. Linganisha mwezi kwa mwezi. Kidonge cha shilingi 100 ni 6,000 kwa dozi ya 80, na 12,000 kwa dozi ya 160.

Bado ni bei nzuri, hasa kwa mwenye presha ya kupanda, maana dawa moja inaweza kubeba mizigo miwili. Mweleze daktari wa presha kwamba una kipandauso pia. Huenda akapanga dawa zako upya badala ya kukuongezea nyingine. Atenololi, ndugu ya propranololi, nayo hutumika, na ubora wake ni kunywewa mara moja kwa siku.

Mwenye pumu asiinywe propranololi. Hapo hakuna "nijaribu kidogo": inaweza kubana mapafu hadi kifo. Anayetumia insulini ajue kwamba inaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Wengine huchoka, mikono ikawa baridi, usiku wakaota ndoto nyingi, na wanaume wachache hupungukiwa nguvu za kiume. Wengi hawamwambii mtu hilo la mwisho, wanaacha dawa kimyakimya. Ni afadhali kulisema, daktari akakubadilishia.

Kuacha ghafla ndiyo gharama iliyofichika ya propranololi. Moyo uliozoea dawa hiyo ukikatiwa kwa siku moja unaweza kwenda mbio, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ikawa hatari kubwa. Kwa hiyo kama una pesa ya wiki mbili tu na hujui mwezi ujao utapata wapi, usianze na hii. Subiri uwe na ya miezi miwili mkononi, au zungumza na daktari kuhusu amitriptilini.

Ukiniuliza nichague: anayelala vibaya, mwenye mawazo mengi au maumivu ya shingo, aanze na amitriptilini. Mwenye presha ya kupanda au moyo wa kwenda mbio, na hana pumu, aanze na propranololi. Asiye na lolote kati ya hayo achukue ile ambayo duka la karibu huwa nayo kila mwezi, kwa sababu dawa inayopatikana Posta, katikati ya Dar es Salaam, peke yake nawe unakaa Chanika pembezoni ina nauli ndani yake.

Za bei ya kati, zenye masharti

Topiramati ni dawa ya kifafa inayozuia kipandauso vizuri. Bei yake kwa kidonge huwa mara kadhaa ya hizo mbili, na dozi ya kawaida ni miligramu 50 mara mbili kwa siku, ikifikiwa kwa kupanda taratibu wiki hadi wiki. Vidole huwasha na kufa ganzi, maji ya soda hupoteza ladha, uzito hupungua, na baadhi ya watu hushindwa kukumbuka maneno katikati ya sentensi. Mwalimu au mfanyabiashara anayeishi kwa kuongea alifikirie hilo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aiache.

Kwa wanawake sharti ni zito zaidi. Topiramati inaweza kumdhuru mtoto tumboni, pamoja na kusababisha mdomo sungura, na tena inaweza kupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Kitanzi hakiathiriki. Kwa hiyo bei ya topiramati kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni bei ya vidonge na bei ya njia ya uhakika ya uzazi wa mpango. Jumlisha zote mbili.

Valproeti nayo ni ya kifafa, ni ya bei nafuu kuliko topiramati mahali pengi, na inafanya kazi. Lakini kwa msichana au mwanamke ambaye anaweza kupata mimba, jibu ni hapana. Katika kila mimba 100 zilizokutana na dawa hiyo, karibu 10 huzaa mtoto mwenye kasoro kubwa za kimwili, na 30 hadi 40 mtoto anayechelewa kukua kiakili. Kipandauso huwapata zaidi wanawake, karibu mara tatu ya wanaume, na wengi wako katika umri huo huo wa kuzaa. Mtu akikuuzia valproeti bila kukuuliza habari za mimba, rudisha.

Flunarizini hunywewa mara moja usiku, jambo zuri kwa anayesahau. Haipo kila mahali, basi piga simu kabla ya kupanda daladala. Huongeza uzito na usingizi, na aliyewahi kuugua sonona au mzee mwenye kutetemeka mikono haimfai. Kandesatani, dawa ya presha, hufaa pia kwa miligramu 16 kwa siku na wengi huivumilia vizuri, ila si kwa mjamzito. Ni ya kufikiriwa ukiwa tayari unahitaji dawa ya presha na una pumu inayokuzuia propranololi.

Usichopaswa kununua sasa

Watu hutumiana habari za sindano mpya za kipandauso. Ni dawa za kweli. Ya kwanza, erenumabu, iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2018, ikatangazwa kwa dola 575 kwa mwezi, ambazo kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni moja. Hutunzwa kwenye friji, kwa hiyo hata ndugu akikuletea kutoka nje kuna suala la baridi safarini na umeme ukikatika nyumbani. Kwa mwenye kipato cha kawaida, ambaye hajajaribu hata vidonge viwili vya kuanzia, si ya kukopea.

Sindano za botulinamu, zinazochomwa sehemu 31 za kichwa na shingo kila baada ya wiki 12, ni kwa wale tu wanaoumwa siku 15 au zaidi kwa mwezi. Ukiambiwa uchome nawe unaumwa siku tano, unauziwa kitu ambacho hakikuandaliwa kwa hali yako.

Virutubisho vina nafasi ndogo. Magnesi na vitamini B2 zimesaidia baadhi ya watu, na madhara yake ni machache, hasa kuharisha kwa magnesi. Lakini soma kopo. Dozi ya B2 iliyotumika kwa kipandauso ni miligramu 400 kwa siku, na kidonge cha kawaida cha vitamini B mchanganyiko kina miligramu chache tu. Utameza kopo zima bila kufika. Kopo lenye dozi kamili huwa la kuagizwa, na bei yake ya mwezi huweza kuzidi ya amitriptilini mara kadhaa. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua dawa.

Hijama, yaani kuumikwa, imeenea Pwani, na sehemu nyingi hutoza kwa idadi ya vikombe. Wapo wanaosema wametulia, na sitabishana na mtu aliyepata nafuu. Ushahidi wake kwa kipandauso ni mdogo, na gharama hujirudia kila mwezi. Ukienda, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Dawa za chupa zisizoandikwa kilichomo, hata zikiwa na picha ya jani, ziache. Huwezi kujua umekunywa nini, na daktari naye hataweza kujua zinagongana na nini.

Malipo yasiyotajwa mlangoni

Kipimo ndicho kinachomaliza bajeti ya wengi. Kila kichwa kikiuma, kipimo cha malaria. Kisha taifodi. Kisha mkojo. Kisha miwani. Homa ikiwepo, pima malaria bila kusita. Lakini kama kichwa ni kile kile cha miaka mitatu, kinakuja na kichefuchefu, kinaondoka, na huna homa, dozi ya tatu ya malaria mwaka huu haitakitibu.

CT scan ya kichwa kwenye hospitali binafsi hufika laki kadhaa. Kipandauso hakionekani kwenye picha hiyo. Daktari hukitambua kwa maelezo yako na kwa kukupima mwilini. Picha inastahili pesa, na hata deni, pale dalili zinapobadilika: maumivu makali yaliyolipuka kwa ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, udhaifu wa mkono au mguu, kifafa, maumivu mapya baada ya umri wa miaka 50, kuanguka na kuumia kichwa, au maumivu mapya kwa mjamzito au mtu mwenye VVU. Homa pamoja na shingo ngumu ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Nje ya hapo, uliza kwa adabu: "Daktari, picha hii itabadilisha matibabu yangu?" Jibu likiwa hapana, weka laki zako kwenye dawa.

Mwanamke anayeona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya kichwa kuanza asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Kubadilisha njia hakuna gharama kubwa. Kliniki nyingi za serikali huzitoa bure au kwa kiasi kidogo.

Halafu kuna dirisha la dawa. Umelipa kumwona daktari, umepanga foleni tangu asubuhi, unafika dirishani unaambiwa haipo, kanunue nje. Mwenye kadi ya bima ya afya ya NHIF, au aliyesajiliwa SHA kule Kenya, aulize kabla ya kuondoka chumba cha daktari kama dawa iliyoandikwa inalipiwa na kama ipo leo. Ikiwa haipo, omba aandike jina la dawa yenyewe, si chapa ya kampuni. Chapa ikiandikwa, duka litakuuzia chapa.

Dukani nako kuwa macho. Kama vidonge vinahesabiwa kutoka kopo kubwa kuingia kwenye bahasha, omba kuona kopo: jina, nguvu ya dawa na tarehe ya kuisha. Andika mwenyewe mambo hayo juu ya bahasha. Mwezi ujao ukipewa kidonge cha rangi nyingine, utajua kama ni dawa ile ile au wamekupa ya miligramu tofauti.

Muda nao ni gharama. Dawa ya kinga haionyeshi kitu wiki ya kwanza. Ipe wiki nane hadi kumi na mbili kwenye dozi inayotakiwa kabla ya kusema imeshindwa. Anayenunua ya wiki tatu akaacha amepoteza pesa yote na hajajifunza lolote. Ikifaulu, huendelea kwa miezi sita hadi kumi na miwili, kisha daktari huipunguza polepole kuona kama kichwa kitabaki kimetulia. Si hukumu ya maisha.

Yasiyolipiwa

Kula kwa wakati, kulala na kuamka saa zile zile hata Jumapili, na kunywa maji ya kutosha hupunguza mashambulizi kwa wengi. Kahawa ikizoewa kisha ikakatwa ghafla huleta kichwa chake. Anayejiandaa kwa Ramadhani aanze kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki mbili kabla, asiache daku, na azungumze na daktari kuhusu kuhamishia dawa yake baada ya futari. Nywele zilizosukwa kwa kuvutwa sana zikikuumiza kichwa, zifumue. Pesa ya msusi imeshakwenda, usiongeze ya vidonge.

Kama mwezi huu una shilingi 30,000 tu za jambo hili, zipange hivi. Leo chukua daftari la mwanafunzi, andika kila siku kichwa kilipouma, saa, ulichomeza na kama ulilala. Baada ya wiki nne nenda nalo kituo cha afya au hospitali ya serikali, si kwa bingwa wa kwanza uliyemwona kwenye bango. Lipia kumwona daktari na kupima presha. Kinachobaki kiwe vidonge vya mwezi mzima vya amitriptilini, au vya miezi miwili ukichagua propranololi, na pakiti moja ya ibuprofeni ya akiba. Vidonge vya mchanganyiko vya jioni, acha kuvinunua kuanzia wiki hii. Kama umekuwa ukivimeza karibu kila siku, au vina kodini au tramado, muulize daktari namna ya kuvipunguza. Ukifika mbele yake, kabla hajaandika chochote, mwambie mambo matatu: kama una pumu, kama huenda una mimba, na dawa nyingine zote unazotumia.